Maisha ya Adrian Atiman, Mganga na Katekista wa Karema: Neno kwa Wazazi Wachaguao Shule

Katika kitabu hiki cha Jubilei mtasoma habari nyingi za mapadre na masista waliotuletea Injili katika nchi hii ya Ugogo na Urangi. Mtasoma jinsi Dodoma ilivyofanywa Prefektura mwaka 1935, ikawa Jimbo mwaka 1953, na hata ikapandishwa kuwa Jimbo Kuu mwaka 2014. Hayo yote ni haki yaandikwe, ili watoto wetu wasisahau. Lakini mimi nimeombwa niandike juu ya jambo ambalo wazazi wa kila kigango hulizungumza kila mwaka matokeo ya darasa la saba yatangazwapo: mtoto apelekwe shule gani? Aende shule ya Serikali iliyo karibu, alale kwao? Au aende shule ya Kanisa iliyo mbali, akae bwenini, na wazazi walipe karo?

Swali hili si dogo. Baba huuza ng'ombe kwa ajili yake, na mama huuza karanga na alizeti. Wengine hugombana, wengine hukopa. Basi nimeona si vema kulijibu kwa maneno matupu. Afadhali nieleze maisha ya mtu mmoja, Mwafrika mwenzetu, ambaye alichaguliwa shule nzuri, akasoma kwa miaka mingi mbali sana na kwao, na matunda ya shule ile yakaonekana katika nchi yetu ya Tanzania muda wa miaka 67. Mtu huyo ni Adrian Atiman, mganga na katekista wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Mtoto aliyenyang'anywa wazazi

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika nchi iitwayo leo Mali, huko Afrika ya Magharibi, karibu na mto mkubwa wa Niger, si mbali sana na mji wa Timbuktu. Kabila lake lilikuwa Wasonghai. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa ikiendelea katika nchi zile kama ilivyokuwa ikiendelea katika nchi zetu hizi. Watu wa jangwani waliwakamata watoto, wakawafunga juu ya ngamia au kuwaendesha kwa miguu, wakavuka nao Jangwa la Sahara hata masoko ya kaskazini.

Atiman alikamatwa akali mtoto mdogo. Hakuaga baba wala mama. Alivushwa jangwa lote, akafika penye oasisi ya Metlili, katika kusini ya Algeria. Huko wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walimkomboa kwa fedha. Hiyo ilikuwa yapata mwaka 1876, naye alikuwa na umri wa miaka kama kumi.

Natutulie hapa kidogo. Mtoto huyu alikuwa na baba na mama, na hapana shaka walikuwa na mawazo yao juu yake: atalima, atavua, atafuga, ataoa nyumba gani. Walinyang'anywa haki ile. Hawakupata tena kumchagulia kitu chochote, wala shule, wala kazi, wala mke. Haki ile ikaangukia mikononi mwa watu wageni. Kama wageni wale wangalikuwa wabaya, mtoto angalipotea kabisa, maana hakuwa na wa kumtetea.

Mtu aliyemchagulia shule

Mkuu wa wamisionari wale alikuwa Charles Lavigerie. Mtu huyu alizaliwa Ufaransa mwaka 1825, akafanywa Askofu Mkuu wa Algiers mwaka 1867. Mara tu alipofika, njaa na maradhi viliikumba Algeria, na mayatima wengi wakabaki bila mtu. Aliwakusanya, akawalisha, akawasomesha. Katika kazi ile alianzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, na Shirika la Masista mwaka 1869. Mwaka 1882 Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu alimfanya Kardinali.

Atiman na wenzake waliokombolewa walipelekwa karibu na mji wa Algiers wakafundishwa kusoma, kuandika na dini. Ndipo Lavigerie akawa na swali lile lile walilo nalo wazazi wetu leo: watoto hawa sasa waende shule gani? Wengi wangaliona yatosha wakifundishwa kulima na kutumika jikoni. Wengine wangaliwapeleka Ulaya wakae humo wawe kama Wazungu. Lavigerie alikataa njia zote mbili.

Alifikiri hivi. Tangu mwaka 1878 alikuwa amekwisha kutuma wamisionari wa kwanza katika nchi za Maziwa Makuu, nao walikuwa wakifa kwa homa. Padre Pascal, aliyekuwa mkuu wa wale waendao Tanganyika, alifariki njiani mwaka ule ule, kabla ya kufika Tabora. Lavigerie akaona ya kuwa Wazungu peke yao hawataweza kuigeuza Afrika. Ni lazima Afrika igeuzwe na Waafrika wenyewe. Tena aliona ya kuwa mtu ajuaye uganga hupokewa kila mahali, hata na wale wasioitaka dini. Na mtu mwenye kazi ya mikono yake aweza kuoa, kulea watoto, na kula jasho lake pasipo kuwa mzigo kwa misioni. Kwa hiyo akakata shauri vijana wenye akili wafundishwe uganga, wawe waganga na makatekista pamoja.

Angalieni jinsi alivyoanza. Hakuuliza kwanza shule ipi ina sifa mjini. Aliuliza kwanza: kijana huyu atarudi kwa nani, na watu wale wana haja gani? Akiisha kulijibu swali hilo, ndipo akatafuta shule.

Shule ya Malta

Mahali alipopachagua ni kisiwa cha Malta, kilicho katikati ya Bahari ya Kati, baina ya Ulaya na Afrika. Sababu zake zilikuwa nyingi. Malta haina baridi kali ya Ulaya ambayo ingaliwadhuru vijana waliozaliwa katika nchi ya joto. Watu wake ni Wakatoliki. Lugha yao ina asili moja na Kiarabu, na vijana waliokuwa wamekaa Algeria walikuwa wamezoea Kiarabu. Tena huko kuna Chuo Kikuu cha zamani, ambacho asili yake ni chuo kilichoanzishwa na Wajesuiti mwaka 1592, na ndani yake uganga ulifundishwa sawasawa.

Basi mwaka 1881 Lavigerie alifungua nyumba huko Malta kwa ajili ya vijana Waafrika waliokombolewa, na Atiman alikuwa mmoja wao. Vijana walilala katika nyumba ile, walisali humo, walilelewa na mapadre. Lakini masomo ya uganga waliyafuata katika Chuo Kikuu, pamoja na vijana wengine wa nchi. Yaani bweni lilikuwa la Kanisa, na darasa lilikuwa la watu wote. Asubuhi walitoka kwenda kusikiliza waalimu, na masomo yakiisha walirudi nyumbani kwa mapadre. Wazazi wengi hudhani ya kuwa hapana budi kuchagua moja tu, ama shule ya Kanisa kwa kila kitu, ama shule ya mjini pasipo dini. Malta ilionyesha ya kuwa viwili hivyo vyaweza kushirikiana, iwapo yuko mtu wa kumwangalia kijana jioni.

Tena Lavigerie hakutaka vijana wale wasahau Uafrika wao. Alionya mara nyingi ya kuwa Mwafrika asilelewe awe Mzungu katika chakula, mavazi na desturi, maana akirudi kwa watu wake hatawafaa, nao hawatamfaa. Alitaka wapate elimu ya Ulaya, lakini wabaki watu wa Afrika.

Ni lazima niseme kweli yote. Nyumba ile ya Malta haikuwa bila taabu. Gharama zake zilikuwa kubwa, na si vijana wote walioingia waliomaliza. Lavigerie alifariki Algiers mwezi wa Novemba mwaka 1892, na miaka michache baadaye, mwaka 1896, nyumba ikafungwa. Mtu ahesabuye kwa haraka angesema ya kuwa fedha zilipotea bure. Lakini mkulima hapimi mbegu kwa siku ya kupanda. Tusubiri tuone mti mmoja uliotoka katika shamba lile.

Safari ya Karema

Mwaka 1888 Atiman alimaliza masomo yake, akapata hati ya uganga. Alikuwa kijana wa miaka kama 22. Mwaka ule ulikuwa mwaka mkuu katika habari za utumwa. Mwezi wa Januari Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu alimtangaza Petro Klaver kuwa mtakatifu, yule Mjesuiti aliyewahudumia watumwa Waafrika katika bandari ya Cartagena huko Amerika ya Kusini. Mwezi wa Mei aliandika barua kwa maaskofu wa Brazil kuhusu kukomeshwa kwa utumwa. Naye Kardinali Lavigerie alizunguka miji mikubwa ya Ulaya, Paris, London na Brussels, akiwahubiria watu wasaidie kuikomesha biashara ile mbaya katika Afrika.

Wakati Kardinali alipokuwa akihubiri Ulaya, kijana wake Atiman alisafiri kuja nchi zetu. Siku zile hapakuwa na reli wala motokaa. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikakata nchi yetu ya Ugogo, hata Tabora, na kutoka huko ikaendelea mpaka ziwani. Wazee wetu walisimulia jinsi watemi wa Ugogo walivyotoza hongo kwa kila msafara, maana maji yalikuwa machache, na mwenye kisima ndiye mwenye nguvu. Ilikuwa safari ya miezi mingi, na wengi waliianza wasiimalize.

Mwaka 1889 Atiman alifika Karema. Mahali pale palianzishwa mwaka 1879 kuwa kituo cha chama cha Wabelgiji, na mwaka 1885 kilitiwa mikononi mwa Mapadre Weupe. Nchi ilikuwa katika hatari. Washikaji wa watumwa walikuwa bado wakizunguka pande zote mbili za ziwa, na watu walikimbilia misioni wapate kuokoka. Ng'ambo ya ziwa alikuwako Kapteni Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu, akiwalinda watu kwa bunduki. Katika upande huu Atiman aliwalinda kwa dawa.

Kazi ya miaka 67

Fikirini jambo hili. Mtu aliyezaliwa kando ya Niger, akasomea Malta, ajapo Karema ni mgeni kabisa. Hajui lugha ya wenyeji, wala desturi zao. Rangi yake ni kama yao, lakini hana ukoo kwao. Angaliweza kukaa na mapadre mezani na kujitenga na watu. Hakufanya hivyo. Alijifunza lugha, akaishi kwa desturi za watu, akaoa mwanamke wa kabila la Wabende aitwaye Agnes, wa ukoo wa watemi wa huko. Kwa ndoa ile akapata shemeji na wakwe, akawa mtu wa nchi. Yule aliyenyang'anywa jamaa na washikaji wa watumwa, Mungu alimjalia jamaa nyingine.

Kazi yake ilikuwa mbili katika moja. Asubuhi aliwatazama wagonjwa: wenye vidonda, wenye homa, waliojeruhiwa na wanyama au na silaha. Alifunga majeraha, aliunga mifupa, na palipokuwa hapana budi alipasua. Ndui ilipoingia, na baadaye ugonjwa wa malale ulipoenea kandokando ya ziwa na kuua watu wengi, yeye alikuwapo. Tena hakudharau dawa za wenyeji. Alizichunguza mizizi na majani waliyoyatumia wazee, apate kujua lipi lafaa na lipi halifai. Elimu yake haikumfanya kiburi, ilimfanya mchunguzi.

Na pamoja na dawa alifundisha dini. Alikuwa katekista, si kwa cheo cha pili, bali kwa moyo ule ule aliotumia katika uganga. Sisi makatekista twajua jinsi ilivyo vigumu kumfundisha mtu mwenye maumivu. Atiman aliondoa maumivu kwanza, ndipo akasema habari za Mungu, nao walimsikiliza kwa sababu walikuwa wameona mikono yake.

Zamani zilipita. Wadachi walikuja wakatawala, vikaja Vita Vikuu vya mwaka 1914, Wadachi wakaondoka, Waingereza wakashika nchi. Maaskofu walifariki na wengine wakawekwa. Atiman alibaki Karema. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozieleza mwenyewe, zilipigwa chapa katika jarida la *Tanganyika Notes and Records*, na kwa njia hiyo watu wa mbali walimfahamu. Kanisa na Serikali pia zilimheshimu kwa nishani. Lakini nishani hazikumtoa penye wagonjwa wake. Alipokwisha kuwa mzee kabisa, bado walimjia, naye aliwapokea.

Alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka kama 90. Tangu siku aliyofika mpaka siku aliyokufa ni miaka 67. Ukitazama hesabu, alisoma Malta yapata miaka saba, akawatumikia watu karibu mara kumi ya muda ule. Nani sasa atasema ya kuwa fedha za Malta zilipotea?

Atiman naye alipokuwa mzazi

Jambo hili wengi hulisahau. Atiman mwenyewe alikuwa baba, naye akafikiwa na saa ile ifikayo kila mzazi. Alikuwa na mwana aitwaye Yosefu. Kijana yule alipoitwa kusomea upadre, Atiman hakumzuia. Yosefu akaingia seminari, akawa padre.

Sisi watu wa huku twajua maana yake. Padre haoi, wala hazai. Kwa desturi zetu, jina la babu hukaa katika mjukuu, na mzee asiye na mjukuu wa kumrithi husikitikiwa. Na Atiman hakuwa mtu wa kawaida katika jambo hili. Ukoo wake wa kwanza ulikatwa na utumwa. Katika Afrika ya Mashariki yote hapakuwa na mtu wa damu yake ila waliotoka viunoni mwake. Kama yuko mzazi aliyekuwa na sababu ya kumshika mwanawe, ni yeye. Lakini alimwachilia. Aliona ya kuwa mtoto hasomeshwi ili amfae baba yake tu. Yeye mwenyewe alikuwa amesomeshwa na watu ambao hawakutazamia kupata faida yoyote kwake, na deni lile alililipa kwa kumtoa mwana.

Mafundisho kwa wazazi wetu

Sasa turudi Dodoma. Wazazi wa leo wana taabu nyingine, kwa sababu wana shule nyingi za kuchagua. Zamani shule nyingi za nchi hii zilikuwa za misioni. Mwaka 1969 Bunge lilitunga Sheria ya Elimu, na shule nyingi za madhehebu zikatwaliwa na Serikali, hata shule maarufu ya Mtakatifu Francis ya Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alikuwa amefundisha. Seminari ziliachwa mikononi mwa Kanisa. Baadaye mlango ulifunguliwa tena, na mashirika ya Kanisa yakajenga shule mpya. Hapa kwetu Wajesuiti wana shule iliyopewa jina la yule Mtakatifu Petro Klaver, rafiki wa watumwa. Na masista na mapadre wengine wana shule zao. Upande mwingine, Serikali iliondoa ada katika shule zake za sekondari, kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Kwa hiyo mzazi amesimama njia panda: huku hakuna ada, huku kuna karo kubwa.

Maisha ya Atiman yatufundisha mambo manne.

La kwanza, tuanze na swali la Lavigerie. Kabla ya kuuliza shule ipi imeongoza katika mitihani, tuulize mtoto huyu ana kipawa gani, na atarudi kuwafaa kina nani. Shule ifundishayo mtoto kuwadharau wafugaji na wakulima waliomlipia karo, hata ikiwa na vyeti vingi, imetuibia. Na shule imrudishayo kwetu na ujuzi mikononi na unyenyekevu moyoni, hiyo ndiyo shule nzuri, iwe ndogo au kubwa.

La pili, tukague nyumba kama tukaguavyo darasa. Mtoto wa bweni huwa katika masomo saa chache tu kila siku. Saa nyingine zote hukaa na wenzake na walezi. Kwa hiyo mzazi aende mwenyewe, aone mahali wanapolala, aone chakula, aone maji, aulize ni nani aliye pamoja nao usiku, na mtoto akiugua hupelekwa wapi. Asione haya kuuliza. Mwenye shule aliye mwaminifu hufurahi kuulizwa. Jina la mtakatifu lililoandikwa mlangoni ni jema, lakini halitoshi. Mtakatifu yule atafutwe ndani pia.

La tatu, asiyeweza kulipa karo asidhani amemkosea Mungu. Atiman alisoma katika Chuo cha watu wote, akalelewa katika nyumba ya Kanisa. Basi mtoto aweza kusoma shule ya kutwa ya Serikali, mradi nyumbani awepo wa kumwangalia. Baba asali pamoja naye jioni, mama amwulize habari za masomo, naye ahudhurie mafundisho ya dini kigangoni. Nyumba ya namna hii ni bweni bora kuliko mengi. Si vema kuuza ng'ombe wote kwa ajili ya mtoto mmoja, na wadogo zake wakakosa maziwa na daftari. Tena tusimchague mwana kwa karo na kumwacha binti kwa jembe. Agnes, mke wa Atiman, hakusoma Malta, lakini pasipo yeye mganga yule angalibaki mgeni Karema siku zote. Mabinti wetu leo waweza kupata vyote viwili, busara ya Agnes na elimu ya Atiman.

La nne, tuwe na saburi. Matunda ya shule hayaonekani kwa matokeo ya kidato cha pili. Nyumba ya Malta ilifungwa miaka saba baada ya Atiman kufika Karema, na aliyeifungua alikuwa amekwisha kufa. Hakuona ndui ikishindwa, wala hakumwona Yosefu amevaa mavazi ya Misa. Alipanda, wengine wakavuna. Mzazi naye huenda asione yote.

Juu ya hayo manne nasema moja kubwa. Wazazi wa Atiman, huko Niger, hawakupata kujua mtoto wao amepelekwa wapi. Hawakuulizwa. Walinyang'anywa kwa nguvu haki ya kumchagulia mtoto njia, na Mungu kwa rehema yake akaweka watu wengine mahali pao. Sisi hatukunyang'anywa. Mtoto wetu angali mezani petu, twamwita kwa jina naye huitika. Basi tukimtupa tu shuleni pasipo kuuliza, ama kwa sababu jirani amempeleka wake huko, ama kwa sababu twaona fahari ya sare zake, tumeitupa wenyewe haki ambayo wale walinyang'anywa kwa kamba na mjeledi. Karo hailipi deni hilo. Mlezi wa bweni hulea kwa niaba yetu, si mahali petu.

Makaburi ya waganga wengi wenye sifa yamesahauliwa. Lakini Atiman hajasahauliwa, nao watu wa Karema wana sababu ya kumkumbuka, maana aliyeletwa duniani na wazazi wa Niger, akasomeshwa na wageni katika kisiwa cha bahari, alikuwa wao. Na tuombe, katika mwaka huu wa Jubilei, kila mtoto tumpelekaye shule, ya kutwa au ya bweni, ya Kanisa au ya Serikali, siku moja aitwe na watu fulani wenye haja kwa jina hilo: mtu wetu.

Mungu awape wazazi wetu busara ya kuchagua, na watoto wetu moyo wa kurudi. Amina.